Sabuni ya Nyongo

Bi Genowefa alikuwa na kipande cha sabuni
rangi ya chai iliyolala,
kimetengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe,
akikihifadhi katika mkebe uliowahi kuwa wa samaki.
Nilipokinusa mara ya kwanza nilirudi nyuma.
"Ndani ya mtu nyongo huharibu," alisema,
"juu ya nguo hutengeneza. Mungu hatupi kitu."

Duka letu la dobi lilikuwa chini ya ngazi,
mtaa wa Wschodnia, mjini Łódź,
na dirishani tuliona viatu tu,
viatu na theluji.

Alinifunza kwa kunigombeza.
Damu? Maji baridi. Baridi, nimesema!
Ukiimwagia ya moto inaiva kama yai,
na yai lililoiva
nani aliliona likirudi kuwa ute?
Mafuta usiyakimbilie na maji:
yanyunyizie unga wa viazi, kanywe chai, urudi.
Na doa lolote anza ukingoni uende kati,
la sivyo unalipanulia ufalme.

Siku ya tatu ya Januari
akaja Teodozja Wrona,
amekumbatia mfuko kama mtoto mwenye homa.
Kitambaa cha meza, kitani cha marehemu mama yake,
na katikati doa la mchuzi wa bitiruti,
pana kama sahani, lenye mkia
ulioelekea alikoketi mwanawe mdogo.

Hatukuuliza. Dobi haulizi, nguo husema.
Ila yeye mwenyewe akasema:
mkesha wa Krismasi, nyumba ya Zgierz,
nani auze, nani abaki,
ngumi moja mezani, bakuli likaruka
kabla samaki hajaletwa.
"Nikatia klorini. Halikutoka. Nikaongeza siki."

Genowefa akaiweka pasi chini.
"Klorini na siki! Jikoni, milango imefungwa!
Ulitaka kufua au ulitaka kufa?"
Teodozja akakohoa, kama anayetoa ushahidi.

Tukakiwamba kitambaa juu ya beseni
kama ngozi ya ngoma.
Genowefa, miaka sabini na minne,
akapanda juu ya kigoda na birika linalochemka,
akamimina kutoka huko juu.
"Doa la mmea huogopa maji yanayoanguka;
yaliyotuama huzoeana nalo."
Zambarau ikawa waridi.
Waridi ikagoma.

Ndipo akafungua ule mkebe.
Akaipaka nyongo kwa kidole gumba, taratibu,
akaiacha ilale. Asubuhi tukasuuza.
Akapaka tena. Siku tatu.

Wasemao damu ni nzito kuliko maji
hawajafua shuka, niliwaza nikikamua.
Maji baridi huishinda, ukiwahi.
Kazi ni kuwahi.

Kilitoka cheupe. Karibu.
Ukikiinua kwenye mwanga ungeona
ukingo mwembamba wa waridi,
pale klorini ilipokwisha kuzila nyuzi.
"Nusu ya bei," Genowefa akasema,
"maana kazi ni nusu."
Teodozja akalipa yote.
"Hilo lililobaki nitaliwekea bakuli juu."

Mwaka ukazunguka. Januari nyingine,
mfuko uleule, safari hii umebebwa kwa mkono mmoja.
Kitambaa hakina neno:
duara la unyevu mahali pa bakuli,
matone mawili ya nta.
Akapokea risiti, akaenda zake,
nasi tukaviona viatu vyake vikipita dirishani.

Genowefa akakitandaza, akavaa miwani,
akapitisha vidole kingoni mwa kitani,
pale viwiko vya watu hulala,
akihesabu makunyanzi.
"Watatu," akanong'ona.
Akanyoosha mkono nimpe karatasi ya kaki.
Nami nikawasha pasi, moto mdogo.